Mstari wa Chini Kwenye Kadi ya Palwasha

Peshawar, Jumapili

Mpendwa Mjomba Zarwali,

Natumaini u mzima huko kijijini, wewe na mbuzi wako wakorofi. Sisi hatujambo. Hina ya Dada Palwasha imenunuliwa, na Mama amegombana na mpishi mara mbili.

Nimekuwekea kadi ya harusi humu kwenye bahasha. Usikasirike ukisoma mstari wa chini: "Hakuna kufyatua risasi." Polisi wamekataza watu kufyatua hewani harusini miaka mingi bila kusikilizwa, lakini safari hii aliyekataza ni Baba mwenyewe. Majirani walimcheka: "Haji, una bastola yenye leseni, halafu harusi ya bintiyo iwe kimya kama matanga?"

Akawajibu, "Niliinunua kwa ajili ya wezi walionipora dukani. Mawingu hayajaniibia kitu."

Mama anasema umeapa kwamba bila bunduki yako huji. Mjomba, unamkumbuka Spogmay, ninayekaa naye dawati moja? Kwenye harusi ya Kaka Torsam alikuwa juu ya paa na wanawake, risasi ikarudi kutoka angani ikamvunja bega. Mliofyatua mlikuwa wanaume kumi. Hakuna ajuaye ilikuwa ya nani, wala mimi siulizi. Sasa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Atakuja harusini. Ameniuliza akae uani au ndani, chini ya dari. Nimemwambia akae uani pamoja nami, kwa sababu mjomba wangu anakuja mikono mitupu, kucheza ngoma.

Mpwa wako akupendaye,
Gulalai