Baraza la Fundi Pale Bunda

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hujambo huko Dodoma? Sisi tupo. Mama yako anapalilia mihogo, na mguu wangu umepoa kidogo. Ila tangu tumzike babu yako, nyumba imekuwa kubwa mno.

Umeuliza alikuwa anashonea wapi pale barabara kuu ya Bunda, ili upapige picha. Juzi nilikwenda kupatafuta. Barabara imepanuliwa, mabaraza ya maduka yamebomolewa, na lile duka alilokuwa akishonea barazani kwake sasa ni ghorofa la vioo. Nilisimama hadi kijana wa bodaboda akaniuliza, "Bibi, umepotea?"

Zamani, tukishauza pamba, tulinunua kitambaa dukani, na fundi wa barazani akakushonea hapohapo ukisubiri. Gauni langu la kwanza alilishona babu yako, likabana kwapani.

"Rudi kesho, dada, nilirekebishe."

Kesho yake likabana kiunoni. Dada yangu akacheka, "Fundi huyu hakoseagi! Anataka tu urudi."

Mara ya tatu lilinikaa vizuri, nami nikasikitika kwamba sina tena sababu ya kurudi. Ndipo akaniuliza kwetu ni wapi.

Miaka yote ile sikumuuliza kama alikosea makusudi. Nilidhani muda upo. Wewe umefanya vizuri kuniuliza mapema.

Ukija likizo twende wote. Nitakuonyesha kwa kukisia, maana aliposhonea sasa ni katikati ya lami. Unishike mkono tu, magari hayasubiri mtu.

Bibi yako anayekupenda.