Jaketi la Haji

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako nimesomewa na mama yako, marahaba. Huku Chukwani hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, ila bado anachoma maandazi na kumgombeza kila mtu.

Unaniuliza, kwa kuwa sasa unarusha ndege ndogo juu ya bahari, ununue jaketi gani la kuokolea maisha. Usinunue lile linalojijaza upepo lenyewe likigusa maji. Nunua la kuvuta kamba, ulivae kabla hujaruka, na usivute mpaka uwe umeshatoka nje ya ndege.

Mimi na mdogo wangu Haji tulikuwa watu wa boti za watalii, Makunduchi. Kwenye boti mtu hulijaza jaketi kwanza, ndipo akaruka majini. Ndivyo tulivyowafundisha wageni. Siku moja tunarudi kutoka Pemba kwa ndege ndogo, injini ikazimika, rubani akasema tunatua baharini, tukavaa majaketi. Nikamwambia Haji, "Vuta sasa hivi!"

"Naam, kaka," akavuta.

Nami nikavuta langu. Kamba ikakatikia mkononi.

Maji yalipojaa ndani, jaketi lilimbana Haji juu darini, na mlango ulikuwa chini. Mimi nilizama, nikaupata, nikatoka.

Watu huniambia nishukuru. Nashukuru kwa mdomo tu, Salma, moyo umegoma mpaka leo. Nilipomwambia avute, Haji alikuwa bado anaitazama kamba yake, anasita. Alivuta kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na hakuwahi kunikatalia neno.

Babu yako