Kona ya Nne ya Kioo cha Mama

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, naomba unisaidie kwa sababu kwa watu wanaonijua siwezi kulitamka hili.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nafungasha bidhaa kwenye ghala la vyombo vya kioo, mwaka wa kumi na mbili sasa, na pale kazini wananiita Mama Foamu kwa sababu boksi nililolifunga mimi likianguka kutoka juu ya meza glasi zinatoka nzima, na siri yenyewe ni ndogo tu, shuka la foamu usoni, vipande vya foamu kona zote nne, na ukilitikisa boksi kusiwe na kinachocheza ndani. Basi mama yetu alipofariki aliacha kioo kirefu cha ukutani chenye fremu ya mbao, ndicho alichotukalisha mbele yake akitusuka, na alisema kiende kwa mdogo wangu, ambaye alikuwa anakuja kumwona mara mbili kwa mwaka, wakati mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha miaka minne, na siku ya kukifunga mdogo wangu akanipigia simu, "Dada, kifunge vizuri, hicho mama kanipa mimi," nikasikia kifua kinawaka, nikaweka foamu kona tatu, ya nne nikaiacha tupu, na kipande chake nilikuwa nacho mkononi, nikakirudisha kwenye mfuko.

Sikusema moyoni kivunjike. Nilisema tu, tuone.

Shemeji yangu, mume wa huyo mdogo wangu, akaja kukichukua, akakipakia kwenye basi, akakibeba begani kutoka stendi hadi kwao, na walipofungua kilikuwa kimepasuka kuanzia kona ileile niliyoiacha, mdogo wangu akalia siku mbili, akamwambia mumewe umekiangusha, mume anaapa hajakiangusha, anaapa kwa watoto wake, na sasa ni wiki ya tano mdogo wangu hamsemeshi, amehamia chumba cha watoto. Akaniuliza kwenye simu, "Dada, wewe ndiye fundi, kitu ulichofunga wewe kinaweza kuvunjika bila kuangushwa?" nami nikamjibu, "Nilichofunga mimi? Hakiwezi." Mshauri, ninajuta, na kazini kila boksi nikishalifunga nalifungua tena kuhesabu vile vipande vya kona. Je, nikimnunulia kioo kingine kizuri zaidi, yataisha?

Mama Foamu

JIBU

Mama Foamu, pole kwa msiba, na pole kwa miaka minne ambayo inaelekea hakuna aliyekwambia asante. Hilo ni donda la kweli. Sasa tuache kubembelezana.

Hayataisha. Kioo kipya utakinunua ili upumue wewe. Na hiyo "tuone" yako usiniletee mimi. Asiyejua kufungasha ndiye angesema tuone. Wewe ulijua kila shimo la barabarani litaigonga kona ile bila kitu cha kupokea kishindo. Hata hivyo, kwa kioo ningekuhurumia, maana hasira za msiba zimewafanyisha watu mabaya zaidi. Lakini ile simu? Uliulizwa waziwazi, ukachukua sifa yako ya kazini ukamkandamiza nayo shemeji yako. Hapo ndipo ulipoharibu kabisa.

Fanya hivi. Usipige simu wala usitume ujumbe. Nenda kwao Jumapili mchana, shemeji akiwepo. Akiwa hayupo, msubiri. Sema kabla hujaletewa hata maji: "Kona moja niliiacha tupu makusudi. Mume wako hakuangusha kitu." Basi, ishia hapo. Habari ya kumuuguza mama usiitaje siku hiyo, maana itasikika kama unajitetea. Mdogo wako anapaswa kuisikia, ila si Jumapili hii. Kisha mgeukie shemeji umwombe radhi yeye mwenyewe. Fundi vioo anaweza kukata kioo kipya kikaingia kwenye fremu ya mama. Liseme hilo wakikuuliza tu.

Mdogo wako anaweza kukufukuza. Ondoka bila kujibu. Anaweza kukaa mwaka mzima bila kukupigia, na kwa hilo sina dawa. Lakini kila siku unayochelewa, kuna mwanamume anasema kweli ndani ya nyumba yake na haaminiwi, kwa sababu anayeaminiwa ni wewe.