Betri za Kengele ya Moshi

Geita, Jumapili asubuhi

Kwa mdogo wangu Kabula,

Kabla hujauliza hali yangu, jua kwamba Geita nzima, toka madukani mpaka kwenye maduara ya kuchimba dhahabu, hakuna mtu mwenye bahati kama kaka yako. Jumanne moto umewaka uani kwetu, na mimi sina hata kope iliyoungua, tena nimemtoa mtu ndani kwa mikono yangu. Sasa nikipita, akina mama wanasimamisha kufua wanisalimie. Basi mwangaluka, mdogo wangu. Mama mpe shikamoo yangu, umsemee kwenye sikio la kulia, lile linalosikia. Kikohozi chake kimepungua? Na pamba mmeshapeleka kupima, au bado imejaa chumba cha kati?

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu wewe simu unaiweka spika, na haya nataka uyajue kabla ya mama. Ndani ya boksi hili kuna vitu vitatu vyeupe, vya mviringo, mfano wa visosi. Hizo ni kengele za moshi. Shangazi akija asije akachukua kimoja akawekea ugoro.

Hazina waya. Zinaambiana hewani zenyewe kwa zenyewe. Moja ikinusa moshi kwenye pamba, zote tatu zinapiga kelele pamoja, hata ile iliyo juu ya kitanda chako. Na wewe ninavyokujua, ng'ombe wa baba mkubwa wakikupita juu huamki.

Kabula, tangu uniambie kwamba kibatari cha mama kilianguka, chandarua kikashika, akakizima kwa kanga, chakula hakinishuki vizuri. Ulisimulia huku unacheka. Na mimi nilicheka. Lakini mama analala ukuta mmoja na pamba, anafunga komeo kwa ndani, sikio moja halifanyi kazi. Siku kanga ikiwa mbali itakuwaje?

Sasa sikiliza ya Jumanne. Hapa naishi kwa Mama Sayi, mwenye nyumba, mjane mmoja wa Ushirombo, mnene, Mkatoliki hasa, anatusalisha hata sisi tusiotaka. Alifunga kengele kama hizi kila chumba na moja kwenye korido. Mimi ndiye alinipa kazi ya kuzitunza, kwa sababu nilimwambia nimezisomea Mwanza. Sikuzisomea. Karatasi yake ilikuwa na picha, nikafuata picha.

Chumba cha pili anakaa Shija, kijana wa Kishapu, tunafanya naye kazi kwenye karasha la kusaga mawe. Yeye zamu ya usiku, kwa hiyo mchana analala. Siku hiyo alilala simu iko kwenye chaji, ameiweka juu ya godoro. Saa kumi jioni godoro likaanza kufuka. Kengele ya chumbani kwake haikulia. Moshi ukajaa mle ndani, mpaka ulipopenya chini ya mlango ndipo ile ya korido ikaunasa, na nyumba nzima ikaanza kupiga kelele.

"Shija, fungua," Mama Sayi anagonga. "We Shija, mwanangu, fungua mlango." Tunasikia kitu kinaanguka ndani, kisha kukohoa, halafu hata kukohoa kukakoma. Nikarudi nyuma hatua tatu nikauvunja mlango kwa bega hili hili. Moshi ulikuwa mweusi, unauma macho kama pilipili. Nikamkuta sakafuni, mkono ameunyoosha kuelekea komeo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, komeo la mama ling'oe, leo hii. Akilalamika mwambie nimesema mimi.

Kisha kengele moja funga chumba cha mama, moja kwenye pamba, moja kwako. Jikoni usithubutu, kule moshi wa kuni ndio hewa yetu, italia mpaka majirani wahame. Kwa kuwa hatuna dari, usiibandike kwenye bati lenyewe wala kule juu kabisa kwenye ncha. Funga kwenye boriti, shubiri moja au mbili chini ya bati, mbali na kona. Bisibisi kama hakuna, kisu cha mboga kinatosha. Ili zijuane, ziweke zote mezani, bonyeza kitufe cha pembeni cha kila moja mpaka taa iwake, kisha bonyeza kile cha katikati cha moja. Zikilia zote, zimeshajuana. Mama atakimbia, mtangulie kumwambia.

Kila Jumamosi bonyeza cha katikati. Kila mwezi futa vumbi kwa kitambaa kikavu, maana vumbi la huko kwetu Didia linaingia hata kwenye yai. Na lile jiko la mkaa analoingiza mama asubuhi za baridi, litoke. Kengele hii inanusa moshi tu, hewa ya mkaa haiijui, na ile hewa inaua watu wamelala wanatabasamu.

Ikianza kulia "tii" moja moja, betri zinakwisha, badilisha. Hapo ndipo ninapoogopa. Ni zile betri ndogo za tochi. Ninajua nyumba yetu. Siku tochi ikizima na mama anataka kutoka nje, utapanda kwenye stuli, useme, "Naazima tu, kesho narudisha." Usifanye hivyo, Kabula. Kaa gizani. Mama ajikwae, aninunie mwaka mzima, lakini betri zibaki juu.

Shija yuko hospitali. Mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, na kifua kinapiga filimbi akipumua. Daktari anasema tumpe siku, hasemi ngapi. Jana nilimpelekea uji. Akaniambia, sauti kama ya mzee, "Masanja, mbona ya kwangu haikulia? Nilisikia za wenzangu, mbali, nikadhani ni ndoto."

"Vumbi," nikamwambia.

"Si wewe ndiye unazifuta?"

Nikamwambia anywe uji, unapoa.

Msalimie shangazi wa ugoro, na mama mdogo wa Mhunze, yule fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea bado inasimama yenyewe. Baba mkubwa na ng'ombe wake wote. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu, atashangaa, lakini mbusu.

Kabula, nimesoma barua hii toka juu na ninaona haitakuzuia. Amri ya betri utaisikiliza kama mimi nilivyoisikiliza ya Mama Sayi, nikaitikia ndiyo mama. Wiki mbili nyuma redio yangu ilizima siku ya mpira. Shija alikuwa ametoka, chumba kiko wazi. Nikapanda kitanda chake, nikafungua kengele yake, nikachukua betri zote mbili. Nilisema nitazirudisha jioni. Jumanne moto unawaka, mimi nilikuwa kwa kinyozi, redio mkononi, betri hizo hizo ndani yake. Mlango aliuvunja Mama Sayi kwa mchi wa kutwangia. Nilipofika, Shija alikuwa ameshalazwa nje kwenye mkeka, na mimi nikashika miguu wakati wa kumpakia kwenye bajaji. Hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya. Bahati niliyokuandikia ni uongo. Shija bado hajajua, na kesho ninakwenda kumwambia.

Kaka yako,
Masanja