Fundi Baridi, Uliyeufuata Ukubwa Maktabani

Mwaka umekatika, Baba, tangu ututoke. Friji ya Mama bado inanguruma, na hakuna aliyethubutu kumwita fundi mwingine. Mama anasema ukisikia utarudi, na yeye kitanda chote ameshakizoea.

Watu walikuita Fundi Baridi kwa sababu ya kazi yako ya friji, maana kwa ubishi hukuwa na ubaridi wowote. Mjane wa jirani ulimtengenezea yake ukakataa hata chai, kisha ukabaki pale mpaka jioni mkibishana nyanya zikae rafu ya juu au ya chini.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa na ndugu yako, dereva wa malori. Baba mmoja, mama tofauti, na mlizaliwa mwaka mmoja. Wewe ulizaliwa siku daraja lilipofunguliwa, yeye siku soko lilipoungua. Kipi kilitangulia, bibi zetu wawili hawakukubaliana mpaka wanaingia kaburini. Babu alipoulizwa alisema hakumbuki, na kwa mtu aliyeishi na wote wawili, tunamwelewa. Kwa amri yako sisi tulimwita Dereva baba mdogo. Kwa amri yake wanawe walikuita wewe baba mdogo. Ukoo mzima ukawa na baba wadogo wawili na mkubwa hata mmoja.

Ulipopunguza kazi, kitinda mimba wako alikuambia kuwa maktaba ya mji inahifadhi magazeti ya zamani. Ulidhani maktaba ni ya wanafunzi wenye mitihani. Ulikwenda kuona, ukarudi na kadi ya uanachama shingoni, ukalala nayo.

Mengine tumesimuliwa na mkutubi wa dawati la maulizo. Siku ya kwanza uliomba magazeti kwa ile sauti yako iliyozoea kushindana na mota, chumba kizima cha kusomea kikainua vichwa. Akakuhamishia chumba cha majadiliano, ukajadiliana humo peke yako. Ulipolamba kidole ili ufunue kurasa, alikuletea sifongo yenye maji.

Ulifuata gazeti moja, ukanasa. Alikuonyesha majarida ya afya, ukaja kutunyang'anya chumvi mezani. Alikuonyesha kwenye kompyuta makala kutoka maktaba za mbali, na namna ya kuagiziwa kitabu wasichokuwa nacho. Tangu hapo kila mteja alihubiriwa, wewe kichwa kikiwa ndani ya friji yake: ajiandikishe, ni bure, na hata kwa simu wanajibu. Kwa simu ulikuwa ukiwauliza wewe, kila tulipobishana wakati wa kula, mpaka mkutubi akakukumbusha kwa adabu kwamba na yeye ana kwake na anakula.

Kisha ukalipata daraja. Ukaendelea mbele kutafuta moto wa soko, mwaka ukaisha hujauona. Mkutubi akashauri urudi nyuma. Moto ulikuwepo huko, miezi kabla ya daraja. Ukasema gazeti limekosea. Akakuletea gazeti jingine, lenye picha: soko linafuka moshi, na nyuma yake daraja limeishia katikati ya mto.

Anasema uliiinamia picha ile mpaka pua ikakaribia kuigusa. Alikuonea huruma, akakuambia polepole, "Mzee, hapa hatumwambii mtu mwenzake kasoma nini."

Ukamjibu, "Nimetafuta mwenyewe, nimepata. Nipigie kopi."

Ulikwenda nayo moja kwa moja kwa Dereva. Alikuwa uani anaosha miguu. Ulisimama mlangoni, ukavua kofia, ukasema, "Shikamoo, kaka."

Aligeuka kuangalia nani kaingia nyuma yake. Ulipompa ile karatasi aliisoma, akaisoma tena, akakaa chini na miguu yake yenye povu.

Alikutesa, Baba, tusifiche. Alikutuma maji, alikuondoa kiti cha mbele garini, alikuitikia marahaba kabla hujafungua mdomo. Ulinung'unika na kutii. Lakini nyinyi mliokuwa mkionana misibani tu, mlianza kuonana kila siku, na ulipolazwa ndiye aliyekunyoa ndevu. Alikunyoa vibaya, ukamwambia, akasema mdogo habishi.

Sasa Dereva ana kadi yake ya maktaba. Kila asubuhi anaagiza magazeti ya mwaka ule, ukurasa kwa ukurasa. Tulimuuliza anatafuta nini tena, na ukubwa ameshaupata.

"Mkubwa ndiye anayetangulia," alisema. "Huyu katangulia yeye. Kwa hiyo yale magazeti yamekosea, na mimi nitalipata lililosema kweli."

Mkutubi anamletea kila anachoomba. Hajamwambia kwamba gazeti hilo halipo, na sisi hatujamwambia.

Unakumbukwa na mke wako, sisi wanao watatu, wakwe na wajukuu zako, wateja wako ambao friji zao bado zinagandisha, na ndugu yako, ambaye hakuwepo tulipokuwa tukiandika haya kwa kuwa maktaba ilikuwa haijafungwa.

Hutatutoka moyoni, Baba, kamwe.