Matunda Yaliyooshwa kwa Sabuni

Werugha, Jumanne, Julai 1924. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mimi nimekasirika hata uji nimeuacha.

Pombe imekataa kuchachuka. Maji ya miwa yamekaa mtungini kando ya moto, matamu vilevile kama jana, bila povu hata la kudanganya jicho.

Sababu naijua. Matunda yetu ya mvungunya, aliyotuachia marehemu baba, hukaa juu ya meko yamekauka, na mashapo ya pombe iliyopita yamegandamana nayo. Chachu hulala humo mpaka iamshwe tena. Hayaoshwi kamwe. Sasa mke wangu Mkawasi, kwa kuwa tulikuwa tunangoja mgeni, ameyachemsha na kuyasugua kwa sabuni, tena sabuni niliyoileta mwenyewe kutoka Voi nikijisifu. Yananukia vizuri, na yamekufa.

Sijamgombeza. Nikifungua mdomo sitaufunga.

Laiti ingekuwa pombe ya starehe. Binti yetu Wakesho ana homa isiyomwachia, na mganga amesema inatokana na hasira iliyo moyoni mwa baba yangu mkubwa, maana dada yangu aliolewa bila yeye kuitwa. Dawa ni kutasa: mzee apige funda la pombe, aliteme nje pamoja na hasira yake, ambariki mtoto.

Basi leo amekuja, kwa miguu yake mibovu, kutoka Mwanda. Akaonja. Akakiweka kibuyu chini polepole.

"Mwanangu, hasira yangu imeiva. Pombe yako ndiyo bado."

Akashika fimbo yake akarudi.

Nimezunguka kwa majirani kuazima tunda moja tu. Waliobatizwa wameshayatupa yao. Wasiobatizwa wanasema chachu ikitoka nyumbani hairudi na nguvu zake. Wa mwisho akanihurumia, akanitajia mtu ambaye matunda yake hayajawahi kulala njaa.

Baba mkubwa.

Yaani kesho nipande Mwanda, nimwombe mzee aliyekasirika chachu ya pombe ya kumtoa hasira. Nimechoka na kuchoka kwenyewe. Lakini paji la Wakesho bado ni la moto, nimeligusa sasa hivi, kwa hiyo nitakwenda.

Ila hii hasira yangu mimi, nitaitemea wapi kabla sijabisha hodi?