Mgahawa wa Mama na Tambi za Pakiti

Nyumba ya kona, mbele ya kiwanda cha nguo
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Salamu kutoka nyumbani. Hujambo huko? Mgongo wa Wifi umepata nafuu? Na mwanao, Bwana Maswali, bado anawachosha na kwa nini zake? Sisi afya tunayo, ila amani imetutoka. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama angenisikia.

Tangu kiwanda kipunguze watu, mgahawa umepwaya. Mchana watu walikuwa wakigombea mabenchi, sasa wanapitiliza hadi duka la jirani, kwa Baba Pacha, na kutoka na tambi za pakiti, zile za kumwagia maji ya moto. Hata karani wa kiwanda, aliyekuwa akirudisha nyama kwa sababu ina mfupa, sasa anabeba katoni. Baba Pacha ameondoa vipodozi kwenye rafu ya mbele akajaza tambi na supu za unga. Analalamika kuwa hali ni ngumu, huku tabasamu linamponyoka.

Nikamshauri Mama nasi tuuze tambi. Kaka, ilikuwa kama nimemtukana. Alikuwa akichambua maharage, wala hakuacha.

"Nimewasomesha kwa sufuria hizi," akasema, "si kwa pakiti."

Tangu hapo tumenuniana. Anayetaka chumvi anaifuata mwenyewe. Anapika sufuria kubwa ile ile, jioni tunawagawia majirani kilichobaki, kisha anaisugua kana kwamba imemkosea.

Ndipo ulipopiga simu ukamwambia afunge aje kukaa kwako. Najua ulimwonea huruma, lakini ulimwaga mafuta ya taa kwenye moto. Alikujibu kwamba atafikiria. Alipoweka simu aliichukua sufuria akaanza kuisugua upya, nami sikuthubutu kumsogelea.

Sasa sikia ya Alhamisi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyekushonea suti ya harusi, alikuwa ameacha kula kwetu na akizungukia nyuma ya kiwanda ili asipite mlangoni petu. Siku hiyo mvua iliifunga njia ya nyuma. Akapita mbele, koti amelibana kifuani, na Mama amesimama mlangoni. Pakiti mbili za tambi zikamchomoka, zikaangukia miguuni pa Mama.

Fundi alibaki kama anayeomba ardhi ipasuke. Mimi nikafumba macho, maana ulimi wa Mama unaujua. Nilipofumbua, alikuwa ameinama akizipangusa tope kwa aproni yake.

"Fundi, hizi utazipika kwa moto gani?"

Akajibu chini chini kwamba gesi imemwishia, siku hizi anazitafuna kavu.

"Ingia. Moto ninao."

Akazichemsha, akatia karoti, kabichi na yai. Fundi alikula bila kuinua uso, Mama ameketi mbele yake kama mlinzi. Alipotaka kulipa, aliambiwa alipie moto na mboga tu, tambi ni zake.

Kesho yake karani akaja na pakiti yake. Jana benchi zima lilijaa, kila mtu na yake mkononi. Je, moto na mboga vitalipa pango? Sijui, Kaka. Mwenye nyumba hana subira, na kila mlango ukigongwa nachungulia kwanza dirishani.

Mama bado hajanikunjulia uso. Lakini leo asubuhi, akiwa amenipa mgongo, alisema, "Kesho kata karoti nyembamba. Hizo tambi haziisubiri mboga iive."

Kwa hiyo nakusihi, usimtajie tena habari ya kufunga. Ukipiga simu, mwulize amepika nini.

Msalimie sana Wifi, umkumbatie Bwana Maswali kwa niaba ya shangazi yake, na Mjomba akipita kwenu mwambie tunamkumbuka. Mola awalinde, na riziki yenu isikauke.

Wako akupendaye siku zote,
Mdogo wako, kitinda mimba